Bwana Funguo na Suala la Mikono

Watu waliomfahamu kwa mtandao tu walimwita Bwana Funguo, naye hakulikataa jina. Riziki yake ilikuwa kutengeneza vyerehani, kwenye benchi lililokuwa nyuma ya duka la ushonaji la mkewe. Ila moyo wake ulikuwa kwenye programu huria, ya bure kwa kila aitakaye, ambayo ukiipa vipimo vya mtu inakuchorea karatasi za kukatia nguo yake. Mafundi nguo wa nchi kadhaa waliitumia, na baadhi yao walisaidia kuiboresha.

Jina la Funguo lilitokana na namna alivyoitunza. Mfumo wake ulikuwa wa kizamani: kila badiliko lilihifadhiwa kwenye kompyuta moja tu, iliyokaa chini ya meza ya kukatia ikimeza vumbi la vitambaa, na aliyetaka kurekebisha faili ilimbidi amwombe yeye amfungulie. Watu wawili hawakuweza kushika faili moja kwa pamoja. Mtu aliamka na wazo zuri, akatuma ombi, akajibiwa asubiri, faili ina mwenyewe. Mara nyingi mwenyewe alikuwa Bwana Funguo, aliyeifungua asubuhi, akaitwa na mteja mwenye cherehani iliyokwama, akaisahau.

Basi wenzake wakachoka. Mmoja wao, muuguzi anayeshona siku za mapumziko, akapendekeza wahamie mfumo mpya, ambao kila mtu anabaki na nakala nzima ya kazi pamoja na historia yake yote, anarekebisha kwake, kisha wanaunganisha. Wote wakaafiki. Bwana Funguo akaleta sababu za kukataa, moja baada ya nyingine, mithili ya mtoto asiyetaka kuoga. Mfumo wa zamani haujaharibika. Mtandao wa mtaani kwake unasuasua. Kompyuta nayo siku hizi haijisikii vizuri. Alipoishiwa kabisa, akakumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Muuguzi akamjibu kwa adabu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba kazi yote ya kuhamisha ataifanya yeye. Alichohitaji ni jibu la swali moja dogo.

Swali hilo dogo ndilo mzee alilokuwa akilikimbia. Mfumo mpya ulitaka kila badiliko liwe na jina la mtu aliyelifanya, na jina likishasambaa kwenye nakala za watu wote halifutiki kirahisi. Kumbe karibu kazi yote ya miaka ya mwanzo iliandikwa na akaunti moja, iitwayo "duka". Muuguzi aliuliza tu: duka ni wewe, siyo?

Duka alikuwa yeye, na duka alikuwa mkewe pia. Walipoanza walikuwa na kompyuta moja na akaunti moja, na aliyepata nafasi ndiye aliyekaa akaandika. Yeye alishughulikia kola, mifuko na kiuno. Mikono ilimshinda. Kila shati lililokatwa kwa karatasi zake lilimbana mteja kwapani hadi akatembea kama amebeba ndoo mbili. Mkewe akajifunza kuandika msimbo wa programu katikati ya mteja na mteja, akaiandika mikono yote upya, na mikono hiyo ndiyo iliyoipa programu sifa.

Barua za shukrani zikamjia Bwana Funguo: mkono umekaa sawasawa, wewe ni fundi kweli. Ya kwanza aliijibu "asante sana", akikusudia kueleza zaidi baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Sifa ni tamu, na mtu akishazizoea hajui tena aanzie wapi kuzikana.

Sasa jibu moja fupi tu lingetosha kumaliza mambo. Aliandika kabisa, "Ndiyo, ni mimi." Akalitazama. Aibu ikamshika, akalifuta, akamwita mkewe.

Mkewe alikuja na chaki mkononi. Bwana Funguo alimweleza kwa kuzunguka, akianzia na maendeleo ya teknolojia ulimwenguni, mpaka akaambiwa kwamba kuna mteja njiani, kwa hiyo afike anakokwenda. Akafika: inabidi waipitie historia, waseme lipi ni la nani.

Kutofautisha hakukuwa kazi. Kila badiliko lilikuwa na maelezo yake mafupi. Ya mume yalisema "marekebisho", "marekebisho tena", na "sasa naamini imepona". Ya mke yalisema, "Nimeongeza nafasi kwapani, mama wa gauni la kijani alishindwa kuinua mkono kusalimia." Mkewe akapitisha kidole kwenye kioo cha kompyuta: langu, langu, hili lako lililoharibu, hili langu lililotengeneza. Bwana Funguo aliandika kama karani, na yale ya mkewe yalizidi kuongezeka.

"Mama watoto," alisema mwishowe, "kuna jambo sijawahi kukwambia. Watu wananishukuru mimi kwa ile mikono."

"Najua."

"Unajua?"

"Barua zinaingia kwenye akaunti ya duka, baba. Neno la siri si ni lile lile?" Akaiweka chaki mezani. "Mwanzoni iliniuma sana. Nilikuwa nazisoma, kisha nakaa na wewe jioni nangoja uniambie. Baadaye nikasema, acha nione atanyamaza mpaka lini."

Bwana Funguo angegombezwa angejitetea, maana kwa kujitetea alikuwa bingwa. Huko kungojewa ndiko kulikomwumiza.

Akageukia kompyuta, akamwandikia muuguzi na wenzake wote. Akawapa mgawanyo wa mabadiliko, kisha akaongeza: "Mikono yote imeandikwa na mke wangu. Shukrani zenu nilizipokea mimi miaka yote hii, nikazikalia. Naomba radhi, kwenu na kwake." Akaona amesema vizuri, akajiandaa kutuma.

Mkewe aliisoma polepole akiwa amesimama nyuma yake.

"Mke wangu ndiye nani?" aliuliza. "Andika jina."

Akayafuta maneno hayo mawili, akaandika jina kamili la mkewe, lile alilokuja nalo kutoka kwao, akatuma.