Mkwe Aliyebaki Uwanjani

Alphonce nilimfahamu tangu alipokuwa akifyeka uwanja wa ndege wa kambi ya wawindaji, kusini ya Itigi, miaka ile ya ruksa. Ruksa biashara, ruksa wageni kuja kuwinda kwenye pori letu. Kwetu ruksa ilileta ndege ndogo na kazi ya panga. Zahanati yenye dawa haikuletwa, na mpaka leo jambo hilo linanikera.

Alikuwa mpole kupita kiasi, na kwa wakwe ndiyo usiseme. Akimwona mama mkwe wake, Anastazia, anakuja njiani, aliingia vichakani mpaka apite. Hakula mbele yake hata siku moja. Sote tulifundwa hivyo, ila wengine tulitegea. Yeye hakutegea.

Desemba moja tumbo la Anastazia likavimba na kukaza, na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Rubani, aliyekuwa anaondoka baada ya msimu kufungwa, akakubali kumpeleka hospitali Itigi. Ndege ilijaa mizigo. Nyuma ilibaki nafasi ya mgonjwa na mtu mmoja wa kumpakata.

"Panda wewe, Alphonce," rubani akasema. "Una nguvu."

Dina, mkewe, naye akamsihi. "Nenda wewe, Baba Nathan. Mimi hicho kidude nakiogopa."

"Nitampakataje mama?" Alphonce akamjibu. "Watu wataniangaliaje?"

Watu tulikuwa wengi pale, na tungemwangalia kweli. Dina akajifunga khanga kiunoni, akapanda, akampakata mama yake.

Ndege ilipaa, ikakohoa, ikalala upande, ikaangukia kwenye miti ng'ambo ya uwanja. Alphonce alifika wa kwanza. Hakupona mtu. Yeye ndiye aliyewatoa, Dina kwanza, kisha mama mkwe wake. Alimbeba mikononi mbele yetu sote, na hakuna aliyeona ajabu.

Wakati wa matanga alikaa kama mtu anayengoja kupigwa. Aliniambia, "Mzee akinitukana, nitapumua." Mzee Filipo, baba mkwe wake, alikuwa amepoteza mke na binti kwa mara moja. Angemtukana, tungeelewa. Mimi mwenyewe niliona ingemsaidia.

Siku ya kuanua matanga mzee akasimama, akamwita mbele. Alphonce akamwamkia shikamoo, akangoja.

"Mwanangu," mzee akasema, "mke wangu ulimheshimu mpaka mwisho. Hukumvunjia adabu hata kwa shida. Nakushukuru mbele ya hawa, na vijana wajifunze kwako."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Alphonce akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema, na nilimwombea akiseme. Lakini baba mkwe habishiwi.

"Asante, baba," akasema.