Barua ya Daktari kwa Hoteli

Nachukia adabu ya watu wa hoteli. Hata leo nikisikia "samahani sana mama" kwenye simu, nakata simu, ingawa anayesema hana kosa lolote. Kinachonitia kinyaa ni kwamba kuna wakati niliifurahia adabu hiyo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Bungoma, ambako nimeolewa, na kwetu ni Kitale, ambako baba aliishi na kaka yangu kwenye shamba la mahindi. Watoto wangu na wa kaka walikuwa wameona gazetini picha ya bustani ya michezo huko Pwani, yenye mabomba marefu ya kuteleza na maji, na tangu siku hiyo hatukupumua. Tukakubaliana twende Desemba, wote. Kutafuta hoteli karibu na bustani hiyo kukaniangukia mimi, kwa sababu ati mwalimu ndiye anayejua kusoma fomu.

Niliisoma kweli, kalamu nyekundu mkononi. Masharti ya kufuta safari yalikuwa nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo kama chawa. Ukifuta siku kumi na nne kabla ya kufika, unarudishiwa malipo yote. Ukichelewa hata siku moja, hupati kitu, isipokuwa mtu wa familia awe amefariki, au awe mgonjwa ambaye daktari ameandika kwamba hatarajiwi kupona. Hilo la mwisho nililipigia mstari nikacheka. Nilimwambia mume wangu kwamba watu wa hoteli wana mawazo ya ajabu.

Mwezi wa Novemba baba akalala kitandani na hakuamka tena vizuri. Lilikuwa ini. Kwetu hakuna anayesema mbele ya mgonjwa, wala nyuma yake, kwamba hatapona; ukisema ni kama umemwombea afe. Wageni walikuja kutoka kanisani, wakaomba, wakanywa chai, wakamwambia baba kwamba leo uso wake una nuru, wakaenda zao. Uso wake ulikuwa wa manjano. Mimi pia nilimwambia una nuru, na nilijua kabisa kwamba jambo moja tu sasa lilikuwa mikononi mwetu: baba asisikie kutoka kwa mtu yeyote wa nyumba ile kwamba tumemkatia tamaa.

Zilipobaki siku kumi na tano, nilimfuata kaka ghalani nikamwambia tufute safari.

"Tufute ya nini? Si mzee atakuwa amepona hiyo wakati?"

"Na asipopona?"

"Sasa wewe unataka kuzika mtu akiwa bado anakunywa uji? Ukifuta ni kusema hatapona. Hata akisikia atasema nini, bana?"

Nikatoka ghalani. Ningeweza kupiga simu peke yangu, ilikuwa mfukoni, na kaka asingejua. Sikupiga. Nilijiambia namheshimu mkubwa wangu, lakini ulikuwa woga mtupu. Sikutaka kuwa wa kwanza kulitamka. Siku ya mwisho ya kufuta ikapita hivyo, sisi sote tukiwa watu wema.

Wiki iliyofuata baba alikuwa hawezi kuketi bila kushikwa. Kaka akaniambia, macho yakiwa chini, "Hiyo maneno ya Pwani, si uongee na hao watu." Sababu hakuitaja. Nikapiga simu. Msichana aliyepokea alikuwa na Kiswahili kile kitamu ambacho sisi wa bara tunakisikia redioni, akanipa pole ndefu, akaniomba barua ya daktari. Nilikuwa nayo moja, nikaituma kwa faksi. Kesho yake akanipigia.

"Samahani sana mama, barua yasema mzee anaumwa. Kuumwa hakutoshi. Yapasa iseme hatarajiwi kupona, maneno yenyewe hayo. Meneja hakubali mengine."

Unajua nilimjibu nini? Nilisema asante. Nilifurahi kwamba amenielekeza.

Nikapanda kwenda Kitale kwa daktari, nikamwambia maneno yanayotakiwa. Alivua miwani.

"Mwalimu, unataka niandike hivyo kabisa?"

"Ni ya hoteli tu, daktari."

Aliandika mistari miwili, akagonga muhuri. Niliikunja nikaiweka katikati ya kitabu cha alama za wanafunzi, na sikupita nyumbani kumwona baba, kwa kuwa nilihisi itasomeka usoni mwangu. Bungoma, mwenye duka la faksi aliisoma huku mashine ikiimeza.

"Imeenda, mwarimu," akasema. "Na pole kwa msiba."

Nikamwambia hakuna msiba. Akaniangalia kama mtu aliyekanyaga kitu kibaya.

Jumamosi nilikwenda Kitale. Baba alikuwa macho, peke yake chumbani, simu ya nyumbani ikiwa kando yake kwenye mto ili apokee salamu za watu. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo aliniita mama.

"Mama, watu wa hoteli walipiga."

Kwenye fomu nilikuwa nimejaza namba mbili, yangu na hiyo. Yangu nilikuwa nimeizima nikiwa darasani.

"Ni msichana mmoja, ana heshima sana. Amesema barua ya daktari imekubaliwa, pesa inarudi. Na wamesikitika ati sitapona."

"Ukamwambia nini, baba?"

"Nikamwambia asante. Ningesema nini?"

Nilimtafuta wa kumchukia: yule msichana, meneja wake, kaka na uji wake. Hawakutosha. Maneno yale niliyaagiza mimi, moja baada ya jingine, kama anayeagiza nguo kwa fundi, na nikaona aibu hata kumshika baba mkono kwa mkono ulioibeba karatasi ile.

Hakuwa na hasira. Angenigombeza ningepumua. Alinisogelea kidogo kwenye mto, akauliza polepole, kama anayeuliza habari za shamba:

"Na daktari alikuambia imebaki siku ngapi?"

Nilikuwa nimeketi mbele ya daktari wake, mlango umefungwa, hakuna mgonjwa aliyekuwa akinisukuma. Nilipata sentensi ya hoteli, nikamshukuru, nikaondoka.

Nikamwambia baba kwamba sikuuliza.