Ua Ulioachwa Ukawa Miti

Mnyaa ukipunguzwa kila kiangazi ni ua. Ukiachwa, unakuwa mti. Kwenye hame la jirani yetu aliyehama kule Kakese minyaa ilikuwa ikinifika kifuani nikiwa mtoto, na sasa nikitaka kuona ncha zake lazima niinue kidevu.

Wa kwangu uko hapa Kawajense, ndani ya nusu pipa. Nilikata tawi kwenye hame lile, nikaliacha kivulini wiki nzima mpaka kidonda chake kikauke, maana ukilipanda na utomvu linaoza. Nililianzisha kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa chini, mchanga mwingi, samadi ya mbuzi kidogo, maji kwa nadra. Likaipasua ndoo. Leo limepita paa. Majirani wananisifu kwamba nina mkono wa kupanda. Siwaambii kwa nini kitanda changu nimekihamishia chumba cha nyuma, ambako dirisha haliutazami.

Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu, mtoto wa miaka mitano, alikataa kunisaidia kuchota maji. Kwa hasira ambazo mpaka leo hazijaniisha, nikavunja tawi kwenye ua wa jirani na kumchapa nalo usoni. Utomvu ukamwingia jicho la kushoto. Alipiga yowe, mama akatoka mbio na unga mikononi. "Kuna nini?" Nikasema, "Bibi wa jirani alisimama hapa, akamkodolea macho."

Maneno hayo tu. Jicho lilipoingia utando mweupe, watu wakakumbuka mengine wenyewe: kuku waliokufa, mimba iliyoharibika. Hakuna aliyemgusa yule bibi. Walimnyima kaa la moto alipoomba, wakanyamaza alipofika kisimani. Alikuwa anaishi peke yake, na ua wake aliupunguza mwenyewe kwa panga, juu ukawa sawa kama meza. Asubuhi moja alifunga mkeka na sufuria, akashika njia ya Mwese kwa miguu. Alinikuta mlangoni. Akaniuliza, "Jicho la mdogo wako linaendeleaje, mjukuu wangu?" Nikarudi nyuma ya mlango. Alipopotea kwenye kona niliona nafuu, na hiyo nafuu ndiyo ninayoichukia.

Hatukusikia habari zake tena. Nyumba ikaanguka, ua ukaanza kupanda.

Miaka yote hiyo nilijipa moyo kwamba mdogo wangu alikuwa mdogo mno, hakumbuki. Mwezi uliopita alikuja kunisalimu. Alikaa kwenye kivuli cha mnyaa wangu, akageuza uso wote, kama afanyavyo, ili jicho zima lipate kuona.

"Dada, huu si wa kule kwa bibi?"

Nilichoka kuibeba siri peke yangu. Nikamwambia yote, hasira, tawi na uongo. Nilingoja anitukane.

Alijikuna goti. "Mbona najua, dada. Si ulinichapa mimi?"

"Na hukusema?"

"Mama aliniuliza. Mara mbili aliniuliza." Akatazama chini. "Lakini nilikuwa napewa mayai kila siku kwa ajili ya jicho, mimi peke yangu. Niliogopa yataisha."

Chai ikapoa vikombeni. Kisha akaniuliza bibi alikuwa anaukata usawa gani. Nikamwonyesha kwa kiganja.

Jumamosi tulipanda pikipiki kwenda Kakese na mapanga mawili, vitambaa vimefunika nyuso zetu, tuurudishe ule ua ulivyokuwa. Mashina yalikuwa manene kuliko mapaja yetu. Tulikata tangu asubuhi mpaka jua la utosi, utomvu ukitiririka mpaka chini, na hakuna hata mti mmoja ulioanguka.