Chumba Kinachotazama Mlima

Dalali amefungua mlango wa chumba hapa Dar, na harufu ya chokaa mbichi imenirudisha Morogoro, siku mimi na mama tuliposhuka mjini baada ya kumzika baba, tukamwacha bibi peke yake mlimani. Mwenye nyumba alituonyesha vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa kikubwa, na watoto walicheza barazani. Cha nyuma kilikuwa kidogo, chenye unyevu, ila dirisha lake lilitazama Uluguru.

"Chagua wewe, mwanangu," mama alisema.

Nikachagua cha nyuma. Jioni nilipanda juu ya ndoo, nikapunga mkono dirishani.

"Mama, bibi anatuona?"

"Anatuona."

Alijibu huku akitandika mkeka, bila kugeuka. Ukungu ulikuwa umeshaufunika mlima wote, nami niliendelea kupunga.