Mpini wa Pembe

Sisi tuliokulia Mafinga enzi za kunyolewa kwa wembe wa kukunja tunaijua baridi ya Juni. Ukungu umeifunika miti ya paina, malori ya mbao yananguruma barabarani, na watoto tumejibanza kibarazani, kila mmoja na kiazi cha moto anachopashia vidole kabla ya kukila. Baba alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba, na wembe aliurithi kwa babu, aliyekuja nao kutoka Kilwa. Mpini wake ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, rangi ya asali iliyoungua.

Makali aliyanoa Baba, lakini mpini ulikuwa kazi ya Mama. Kila Alhamisi jioni aliufuta kwa kitambaa kikavu, akaupaka tone la mafuta ya nazi, akausugua kwa kidole gumba mpaka ukang'aa. "Pembe ni kama kucha zenu," alikuwa akituambia. "Ikilowa inalegea, ikikaushwa kwa moto inapasuka." Tuliyajua maneno hayo kuliko hesabu za kuzidisha.

Mwaka mmoja Mama alikwenda Iringa kumuuguza dada yake. Kibandani akabaki Baba na mdogo wake, baba mdogo Rashidi, mtu mwema lakini mwenye haraka. Asubuhi moja, akitaka wembe uwe safi, aliutumbukiza wote kwenye maji ya moto yenye sabuni, kisha akauweka kando ya jiko la mkaa ukauke. Baba hakumwona.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Sanga, mpasua mbao, ambaye siku hiyo alikuwa anamwoza binti yake. Mimi na dada yangu Zaina tulikuwa kwenye benchi. Baba alimpaka povu, akamlaza kichwa nyuma, akamnyoa shavu moja. Alipofika kooni nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikivunjika. Mpini ulikuwa umepasuka penye ribiti, kile kijipini cha chuma kinachoushikilia wembe. Wembe ukalegea, ukalala juu ya koo la mzee, umezuiwa na vidole vya Baba tu.

Baba hakusogea. Akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Sanga, usimeze mate."

Mzee akafumbua macho, akatulia hivyo hivyo. Lori likapita, kibanda kikatetemeka, Zaina akanishika mkono mpaka ukauma. Mara nikaona damu kwenye povu, nikajua tumekwisha. Kumbe ilikuwa ya Baba. Alikuwa amepenyeza kidole chake chini ya makali, na kwa kidole hicho akauinua wembe polepole mpaka ukawa mbali na shingo. Ndipo mzee akameza.

Baba mdogo akakaa chini sakafuni, akaeleza mwenyewe alichofanya. Baba hakumfokea; alifunga kidole kwa kitambaa. Mzee Sanga akaenda kumwoza binti yake na ndevu upande mmoja.

Mama aliporudi, Mzee Sanga alileta kipande cha mninga. Baba mdogo akakichonga mpini mpya, Mama amesimama nyuma yake, akimrudisha kila alipoharakisha. Ulipokwisha, mzee akaja, akapita kiti cha Baba, akasema anataka kunyolewa na Rashidi. Baba mdogo akaufuta mpini mara mbili, mara tatu. Mzee akamngoja amalize, kisha akainua kidevu.

Leo naishi Mbeya. Wajukuu zangu wananyolewa kwa mashine, macho kwenye simu, na hata jina la kinyozi hawalijui. Mashine ikiharibika inatupwa. Kinyozi akikosea mstari kidogo tu, picha ya kichwa iko kwenye magrupu kabla hajakung'uta nywele, na wateja wamehamia jirani. Siwalaumu, ndivyo walivyoikuta dunia. Ila sisi tulimwona mtu aliyekosea akirudishiwa koo lile lile.