Kupimwa Mara ya Pili

Wiki ile ya mashindano nyumba yetu ya mtaa wa Kanyenye, Tabora, haikukalika. Mume wangu alikuwa fundi wa karakana ya reli, mtu mpole, wa maneno machache. Lakini tangu aambiwe kwamba atanyanyua vyuma pamoja na watu wa Uganda, Kenya na Kongo, alikuwa hakai kitako. Akiketi, goti linamcheza. Akisimama, anakwenda mlangoni, anachungulia barabara, anarudi, anafunua mtungi, anayatazama maji, kisha anaufunika bila kunywa.

Kisa chote kilikuwa uzito wake mwenyewe. Wanyanyua vyuma hugawanywa kwa miili yao, mwepesi na mwepesi mwenzake, mzito na mzito mwenzake, na yeye alikuwa ameandikishwa uzani mwepesi. Mwili wake ulikuwa umepita kikomo cha uzani huo kwa kidogo tu. Basi akaacha ugali, akaacha chumvi, mwishowe akaanza kujinyima hata maji. Nilikuwa na miezi michache tu tangu niolewe. Nilikwenda kupika kwa jirani ili harufu isimtese, na majirani wakaona wanavyoona wao. Mke wa fundi cherehani alinivuta kando.

"Mdogo wangu, kama kuna neno ndani, sema. Mwanamume hakondi hivi kwa furaha."

Nilicheka, lakini usingizi nao ulikuwa umenipaa. Hali yake ilikuwa imeniambukiza.

Siku moja kabla ya mashindano mama yake akaja kwa treni kutoka Usinge, na unga wa mtama, karanga na kibuyu cha asali. Alipomwona mwanawe amesimama mlangoni, mashavu yameingia ndani, alisahau hata kuitikia shikamoo yangu.

"Anaumwa nini?"

"Haumwi, mama. Anajipunguza ili apimwe."

"Apimwe kama gunia la karanga?"

"Mayu," mume wangu alisema, akimwita kama alivyomwita tangu utotoni, "nikizidi hata kidogo hawaniruhusu kunyanyua."

Mama akaketi mkekani, akanyoosha miguu. "Baba yangu alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na pembe begani, akarudi na majora ya nguo. Lakini aliondoka nyumbani ameshiba. Na huo mzigo wenu, unapelekwa wapi?"

"Haupelekwi popote. Unainuliwa juu ya kichwa, ukitulia, unaachiwa."

Akanigeukia mimi, akanitazama kana kwamba mchezo huo nimeubuni mimi.

Asubuhi tulikwenda wote watatu kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Wanaume walipimwa ndani, karibu uchi, kwa hiyo mimi na mama tulibaki barazani. Mume wangu hakukawia kutoka. Sikuhitaji kumwuliza.

"Nimezidi," alisema. "Wamenipa nafasi mpaka wamalize kuwapima wengine."

Akavaa koti lake, akaazima la mwenzake akalivaa juu yake, akaanza kukimbia katika barabara ya stesheni, kwenye jua la Tabora la kabla ya mvua, jua linalokausha mate mdomoni. Alikwenda, akarudi, akaenda tena. Wauza matunda walimcheka. Mama alikuwa anakaa, anasimama, anakaa. Mume wangu alipoitwa ndani tena, nilikuwa nimetafuna ncha ya kanga yangu mpaka imelowa.

Safari hii alitoka anacheka, midomo imepasuka. "Nimeingia! Mimi na Mganda mmoja tumelingana kabisa, mizani imesema namba ileile."

Alipotaka kushuka ngazi akayumba, akashika nguzo. Mama akamkalisha kwenye ngazi. Alifungua kibuyu cha uji wa mtama wenye asali, alioupika alfajiri, akamwekea mkononi.

"Si umekwisha kupimwa?"

"Nimekwisha."

"Basi kunywa."

Nami nikamhimiza anywe. Alikunywa mpaka kibuyu kikawa kitupu, na mbele ya macho yangu rangi ikaurudia uso wake.

Mchana wakaanza. Wanawake hatukuwa na desturi ya kuingia ukumbini, tukakaa barazani tukisikiliza. Chuma kikianguka kwenye mbao, baraza lote linatetema, nami naruka.

"Huyo ni nani?" mama ananiuliza.

"Sijui, mama."

Kinaanguka tena, watu wanapiga makofi. "Na huyo?"

"Sijui, mama."

Mwisho akasimama, akajifunga kanga kiunoni. "Huyu mimi nimemzaa. Sitamsikiliza ukutani kama ngoma ya mtaa wa pili." Akanishika mkono, akaniingiza. Wanaume waligeuka kututazama, mama akawasalimu kwa sauti, "Mwangaluka!" ingawa asubuhi ilikuwa imepita zamani, nao wakatupisha.

Walikuwa wamebaki wawili. Mkenya na Mkongo walikuwa wamekwisha achwa nyuma. Yule Mganda alikuwa mfupi, shingo nene, ameketi kwenye kiti na kitambaa chenye maji, anakigusisha midomoni tu, hanywi. Aliitwa kwa mara yake ya mwisho. Alikivuta chuma mpaka kifuani, akapumua, akakirusha juu, kikatulia. Waamuzi wote watatu wakainua bendera nyeupe za kukubali.

Kisha wangu. Alipokifikisha kifuani, miguu yake ilitetemeka hata nikaona suruali inatikisika. Mama alikuwa anasema kitu kwa Kinyamwezi, kimoja hichohicho, haraka haraka. Chuma kikapanda. Bendera nyeupe. Ukumbi ukalipuka, nami nikapiga kigelegele bila kufikiri niko wapi.

Mwamuzi mkuu, Mzungu mmoja mwembamba, akajumlisha, akatangaza kupitia mkalimani: wamelingana. Sheria ilisema wakilingana, mshindi ni mwenye mwili mwepesi zaidi. Lakini asubuhi walilingana pia. Basi watapimwa tena, sasa hivi.

Mizani ikaletwa jukwaani. Mganda akapanda, mkono wa mizani ukatulia. Mume wangu akapanda, mkono ukainuka. Mwamuzi akausogeza uzito, ukainuka tena: wangu alikuwa mzito zaidi.

Mama aliuachia mkono wangu. "Ni ule uji," alisema.

Njiani kurudi nyumbani mume wangu alitangulia mbio mbio, hatukumfikia. Mimi nilikuwa na hasira na sikujua nimpe nani: sheria, mizani, au mama mkwe wangu anayetembea kando yangu. Tulipofika, mama akaanza kufunga mzigo wake.

"Mayu, unakwenda wapi?"

"Kituoni. Nimekuharibia."

Mume wangu alikuwa anazunguka chumba, akasimama. "Nilipotoka mizanini asubuhi nilikuwa naona kila mtu wawili. Bila uji ule nisingeinua hata cha kwanza."

"Unasema ili nitulie."

"Nasema kwa kuwa ni kweli. Na kweli nyingine ni kwamba nilitaka sana kushinda, na moyo unaniuma. Yote mawili ni kweli. Fungua mzigo wako."

Akaufungua polepole. Hatujakaa vizuri tukasikia hodi. Alikuwa yule Mganda, nishani ikining'inia kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ameuliza nyumba yetu njia nzima. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuvutavuta kwamba amekuja kumpa mwenzake mkono. Mama alimtazama mifupa ya mashavu, akaniambia niongeze unga kwenye sufuria.

"Wewe nani alikukataza kunywa baada ya mizani?" mama alimwuliza mgeni alipokuwa akila.

"Kaka yangu mkubwa, mama. Yeye alishindwa hivyohivyo."

Mama akamwongezea mboga.

Mume wangu alikula pia, haraka, akasimama kabla ya mgeni kumaliza, akaketi tena kwa aibu. Baadaye alimsindikiza stesheni, akarudi jua linazama, akaanza kuzunguka ua.

"Nitahamia uzani wa juu," aliniambia Jumatatu akifunga viatu.

"Utawaweza wale wanene?"

"Sijui," alisema, akaenda kazini chai ikiwa bado haijachemka.