Mara Ngapi Kati ya Kumi

Wanafunzi humwita mwenzangu Kati-ya-Kumi, na si kwa kumtukana. Ni mwalimu wa fizikia, mlezi wa timu ya roboti, na huu ni mwaka wa kumi na moja tunakaa meza moja ofisini. Mimi nafundisha Kiswahili. Kwenye mashindano kazi yangu ni kulinda mikoba na kutafuta maji ya kunywa, na sijawahi kulalamika sana.

Jina alilipata kwenye mipango. Katika mashindano yale timu mbili hupangwa kwa kura zicheze upande mmoja, na kabla ya mechi hupewa dakika chache za kukubaliana nani afanye nini. Hapo ndipo watu hudanganya. Nahodha wa timu mshirika huja kifua mbele: "Sisi tunapanda daraja, tunatupa mipira kapuni, kila kitu."

Mwenzangu humwacha amalize. "Kupanda daraja, mara ngapi kati ya kumi?"

Nahodha hujikuna kichwa. "Labda tano."

"Jana mlipojaribu?"

"Mbili."

Basi huandika mbili, na mpango mzima hujengwa juu ya hiyo mbili. "Namba ndogo siiogopi," huwaambia. "Naogopa namba ya uongo."

Mume wake alifariki wiki saba zilizopita. Alikuwa seremala; uwanja wetu wa mazoezi ni mbao zake na misumari yake. Mwenzangu alirudi kazini siku ya kumi, akasahihisha madaftari yote yaliyolundikana, wala hakulia. Tulipompa pole alijibu, "Asante, niko salama," kwa sauti ileile anayoitia majina darasani. Nilimjulia hali kila asubuhi, kila asubuhi akawa salama, nami nikaridhika, maana jibu hilo halikunitaka nifanye lolote. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, kwenye mechi ya tano, roboti yetu ilikwama chini ya daraja. Mlezi husimama nyuma ya madereva, na mambo yakiharibika ndiye anayetamka mpango wa pili, kwa sababu wao wamezama kwenye uendeshaji. Yeye alisimama na saa mkononi, akaitazama roboti ikizungusha magurudumu bure. Sekunde arobaini hakutoa neno. Tulishindwa.

Ikabaki mechi moja, ya kuamua kama tunaingia nusu fainali au tunarudi nyumbani. Nahodha wetu, binti mwembamba asiyecheka ovyo, alitandaza karatasi mezani, akapanga vizibo vinne vya chupa badala ya roboti nne, akawahoji washirika mmoja mmoja. Walipomaliza, akamgeukia mlezi wake.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kutamka mpango wa pili. Mara ngapi kati ya kumi?"

Nilishafungua mdomo nimuulize adabu ameiacha wapi. Mwenzangu akanigusa mkono ninyamaze. Akafikiri kweli, kama anavyowataka wao wafikiri.

"Nne."

"Asante, Mwalimu." Binti akaandika nne. "Basi wewe kaa jukwaani. Nitatamka mimi."

Mwenzangu akaja akakaa kando yangu. Mechi ikaanza, na roboti ikakwama palepale.

"Acha daraja, zuia," mwenzangu akasema chini kwa chini. Wakati huohuo tukamsikia binti kule chini akipaza sauti: "Acha daraja, zuia!" Roboti ikarudi nyuma, ikawazibia wapinzani kapu mpaka kengele ikalia. Tulishinda kwa pointi tatu. Ukumbi mzima ulisimama, isipokuwa yeye.

"Hujafurahi?" nikamuuliza.

"Najua ni jambo la kufurahisha."

Akaishusha saa ya kupimia mechi mapajani. "Hospitali nilimuuliza daktari," akasema. "Nilimuuliza mara ngapi kati ya kumi. Akanishika bega, akasema, tutajitahidi, mama. Nikajua ni sifuri." Alikuwa anaitazama saa, nayo ilikuwa imeshasimamishwa. "Na yule mtoto nimemdanganya. Si nne."

"Ni ngapi?"

"Moja. Kuna siku sijui hata nimefikaje shuleni."

Mimi ni mwalimu wa lugha. Maneno ya kufariji ninayo gunia zima, na yote nilikuwa nimeshamwambia. Nikachukua kalamu yake, nikageuza karatasi ya ratiba ya mechi niliyokuwa nayo, nikaandika moja. Chini yake nikaandika: asubuhi nakupitia, tunakwenda shule pamoja. Zamu zako za wiki hii nazishika mimi. Jioni unakula kwangu.

Akaisoma mpaka mwisho, mstari kwa mstari, kama anavyosoma majibu ya mtihani.

"Upishi wako," akasema. "Mara ngapi kati ya kumi?"

Nilitaka kusema sita.

"Mbili," nikasema.

Akanipokonya kalamu, akaandika mbili.